Injini Ikifa, Trekta Halijafa

Mwishoni mwa mwaka 1973 nchi za Kiarabu ziliinyima Marekani mafuta, na foleni za magari zikazunguka vituo vya petroli. Wakati huohuo kulikuwa na kaya za huko zilizoendelea kusukuma theluji milangoni mwao bila kuuliza bei ya lita. Zilikuwa na trekta dogo la bustani lililoitwa Elec-Trak, lililoundwa na General Electric mjini Schenectady, jimbo la New York, mwanzoni mwa muongo ule. Ndani yake hamkuwa na silinda wala kabureta. Kulikuwa na betri sita za volti sita kila moja, za aina inayotumika kwenye vigari vya viwanja vya gofu, zimeungwa mfululizo kutoa volti 36, na mota ya kuzungusha magurudumu ya nyuma. Mashine ya kukatia majani ilifungwa chini ikiwa na mota zake yenyewe. Trekta lilikuwa pia na soketi: mwenye nalo alilipeleka mpaka mwisho wa uwanja wake, akachomeka msumeno wa umeme na kukata mti palepale.

General Electric haikudumu na biashara hiyo. Katikati ya miaka ya 1970 ilijitoa, kazi ikapita kwa Wheel Horse, kampuni ya matrekta ya bustani, kisha ikafa. Matrekta yenyewe hayakufa. Leo, miaka 50 baadaye, yapo yanayokata majani kila msimu, kwa sababu ndani yake hamna fumbo: nyaya nene, swichi kubwa za sumaku, mota yenye kaboni zinazobadilishwa kwa bisibisi. Betri zikichoka, mwenyewe hununua nyingine sita.

Na wapo waliokwenda mbali zaidi. Walichukua matrekta ya petroli ya miaka ya 1960 na 1970, ya Cub Cadet, Wheel Horse au John Deere, ambayo injini zake zilikuwa zimekufa, wakang'oa injini na kufunga mota nyuani kwao. Kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumzia, kwa sababu naamini inatuhusu sana. Sisi wa Afrika Mashariki mjadala wetu wa vyombo vya umeme tumeuanzia kwenye mabasi, bodaboda na magari ya wenye uwezo. Tumekiruka chombo kinachofaana na umeme kuliko vyote: mashine nzito, ya mwendo wa polepole, inayofanya kazi saa chache na kulala karibu na soketi.

Fikiria uzito. Anayebadilisha gari kuwa la umeme hupigana na uzito tangu siku ya kwanza. Kila kilo ya betri inapunguza umbali. Trekta linataka uzito. Wakulima hujaza maji kwenye matairi ya nyuma na kuning'iniza vyuma mbele ili magurudumu yasiteleze. Betri sita za risasi za vigari vya gofu zina takribani kilo 170 kwa pamoja, na zikikaa karibu na ekseli ya nyuma zinafanya kazi mbili, kutoa nguvu na kushikisha tairi ardhini. Wanaofunga betri za kisasa za lithiamu, ambazo ni nyepesi, wengine hulazimika kurudisha vyuma vya uzito walivyokuwa wameviondoa.

Fikiria pia namna nguvu inavyotoka. Injini ya petroli haina nguvu ikiwa imesimama. Lazima izunguke kwanza, na ikizidiwa inazimika. Mota ya umeme hutoa msukumo wake mkubwa tangu mzunguko wa kwanza, na kwa dakika chache hubeba mzigo kupita kiwango chake cha kawaida bila kuzimika. Ndiyo maana trekta la bustani lililokuwa na injini ya nguvu farasi 12 hutosheka na mota inayotoa nusu ya hapo mfululizo. Zile farasi 12 zilihitajika mara chache, pale majani yalipokuwa marefu au njia ilipopanda, lakini injini ilikunywa mafuta mchana kutwa kwa ajili ya dakika hizo chache.

Injini hizo ndogo zina ubaya mwingine usiosemwa vya kutosha. Bodi ya Hewa ya California ilipiga hesabu ya uchafu unaotengeneza ukungu wa moshi, ikakuta kwamba saa moja ya mashine ya kibiashara ya kukatia majani ni sawa na kuendesha Toyota Camry ya mwaka 2016 kwa maili 300 hivi. Hizo ni zaidi ya kilomita za kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Gari lina kichujio cha moshi na kompyuta ya kupima mafuta. Injini ya mashine ya majani haina vyote viwili, na bomba lake la moshi liko hatua moja kutoka usoni mwa mwendeshaji. Mwaka 2021 jimbo hilo lilitunga sheria ya kusitisha uuzaji wa injini ndogo mpya za aina hiyo, kuanzia zile za mwaka 2024. Mtu anayeketi juu ya mashine hizo kila siku, kwenye uwanja wa gofu au wa hospitali, huvuta moshi huo na kupoteza usikivu wake kidogo kidogo kwa kelele, na hakuna anayemlipa fidia ya masikio.

Kazi yenyewe ya kubadilisha inafanywa hivi. Injini hutoka, pamoja na tangi, bomba la moshi na chujio la hewa. Giaboksi, ekseli, usukani, breki na fremu hubaki. Hapo ndipo thamani ya trekta kuukuu ilipo: fremu zile zilitengenezwa kwa chuma kinene, na giaboksi iliyotunzwa kwa oili huishi kuliko injini mbili. Kisha fundi hukata bamba la chuma la kushikia mota mahali pa injini na kuunga shafti ya mota na shafti ya kuingilia giaboksi. Hatua hii haitaki haraka. Shafti mbili zikipishana kwa upana wa unywele, mtetemo utakula beringi, na mwenye trekta atalaumu umeme kwa kosa la upimaji. Fundi mzuri wa kukereza vyuma ana thamani hapa kuliko fundi umeme.

Mota zinapatikana kwenye foklifti chakavu na vigari vya gofu vilivyokufa. Nyingi kati ya hizo za zamani zina tabia moja ambayo kila anayezigusa lazima aijue: ukiziwasha bila mzigo, zinazidi kuongeza kasi mpaka zinapasuka. Usiijaribu mota ya namna hiyo mezani kwa betri nzima ya trekta. Ifunge kwanza, au tumia betri moja tu ya volti 12 na uwe na mkono kwenye swichi.

Baada ya mota huja kidhibiti, kisanduku kinachopima umeme kutoka kwenye betri kulingana na mkanyagio wa mafuta, na swichi kubwa ya sumaku ya kukata umeme wote. Huja pia fyuzi, nayo nitaisisitiza. Umeme wa ukutani hubadili mwelekeo mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche yake hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa betri haubadili mwelekeo. Ukikata waya wenye mzigo, cheche inaweza kubaki inawaka hewani na kuyeyusha swichi. Fyuzi na swichi ziwe zile zilizotengenezwa kwa umeme wa betri. Ya nyumbani haitoshi hata kama namba iliyoandikwa juu yake ni kubwa. Volti 48 hazimtupi mtu chini, lakini spana ikigusa vichwa viwili vya betri itageuka nyekundu mkononi. Vua pete na saa. Funika vichwa kwa mpira. Betri za risasi zikichajiwa hutoa gesi ya hidrojeni, kwa hiyo kifuniko chake kiwe na matundu na chumba cha kuchajia kiwe na dirisha. Weka swichi chini ya kiti ili mwendeshaji akianguka kila kitu kisimame. Kwa mashine yenye visu hilo halina mjadala.

Sasa tuje kwetu. Matrekta ya bustani hasa, yale ya kukaliwa yenye visu chini, tunayo machache: kwenye viwanja vya gofu, hoteli za pwani, misheni za zamani, shule kubwa, mashamba ya maua ya Arusha na Naivasha. Mashamba ya maua yana sababu ya pekee ya kuyataka bila moshi, maana ndani ya banda la nailoni moshi wa injini hauna pa kwenda na wafanyakazi wamo humo siku nzima.

Ila trekta letu dogo hasa ni pawatila, lile la magurudumu mawili. Baada ya mpango wa serikali ya Tanzania wa Kilimo Kwanza kuzinduliwa mwaka 2009, pawatila zilisambazwa wilayani kwa mikopo na miradi, na miaka michache baadaye nyingi zilikuwa zimeegeshwa kwa kukosa spea au kwa injini kuchoka. Mtu yeyote aliyezunguka vijijini ameziona zikiota nyasi nyuma ya ofisi. Pawatila hizo ni rahisi kubadilisha kuliko hata trekta la bustani la Marekani. Injini yake ni silinda moja ya dizeli iliyolazwa mbele, imeshikwa kwa bolti chache kwenye reli za fremu, na nguvu hupita kwa mikanda kutoka puli ya injini hadi puli ya klachi. Ukiitoa unabaki na reli tupu, mikanda, na giaboksi inayosubiri kitu cha kuizungusha. Mota yenye puli ya ukubwa unaofaa hukaa palepale. Mikanda husamehe hitilafu ndogo za upimaji ambazo shafti haisamehi. Na injini iliyotoka ilikuwa na zaidi ya kilo 100, kwa hiyo betri zina nafasi na uzito wake tayari.

Watakaopinga wana hoja, na ya kwanza ni nzito: fundi wa dizeli yuko kila kijiji, mota ya umeme ni ngeni, basi kwa nini tusitengeneze injini? Jibu langu ni kwamba tuitengeneze kama inatengenezeka. Injini inayohitaji ringi na gasketi haipaswi kung'olewa kwa sababu ya mtindo. Ninayoizungumzia ni ile ambayo bloku imepasuka, kirenki kimekwisha, au spea zake hazitoki tena kiwandani, huku sehemu iliyobaki ikiwa nzima. Kuipeleka hiyo kwa wauza chuma chakavu kwa bei ya kilo ni hasara ambayo hatuna sababu ya kuikubali.

Hoja ya pili ni ya nguvu ya kulima, na hapa lazima tusiwadanganye wakulima. Kulima ekari moja kwa plau hula lita sita hadi kumi za dizeli, kutegemea udongo na kina. Lita moja ya dizeli ina joto la karibu yuniti 10, yaani kilowati-saa 10, na injini ndogo iliyochoka hugeuza robo hivi kuwa kazi. Mota itafanya kazi hiyohiyo kwa yuniti tatu au tatu na nusu kutoka ukutani. Ekari moja basi itataka yuniti 20 hadi 35. Betri ya lithiamu ya volti 48 na ampea-saa 100, ambayo mtu mmoja anaweza kuinyanyua kwa shida, ina yuniti tano. Hesabu inajieleza: pawatila ya umeme ya bei ya kawaida haitalima ekari kwa chaji moja, na anayeahidi hivyo anataka pesa za watu.

Lakini mwaka wa mkulima hauna kulima peke yake. Kuna kubeba samadi, maji, mbegu, magunia ya mahindi kutoka shambani hadi barabarani. Pawatila zetu nyingi, kwa kweli, zimeishi maisha yake zikivuta tela. Tela na mzigo wa tani moja kwenye njia ya vumbi ya tambarare hula, kwa hesabu yangu, kama theluthi ya yuniti kwa kilomita. Betri ile ya yuniti tano inakupeleka zaidi ya kilomita kumi ukibakiza akiba. Umbali huo unatosha kwenda shamba na kurudi kwa watu wengi. Kuna kupalilia kati ya mistari, kupiga dawa, kukata majani ya ng'ombe, kusukuma maji, kukoboa. Kazi hizi ni nyepesi na za vipindi, na zinaacha muda wa kuchaji katikati. Huko Malawi watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough cha Uingereza wakishirikiana na shirika la Tiyeni wameunda trekta dogo la jua liitwalo Aftrak kwa ajili ya wakulima wadogo, la kuvunja tabaka gumu la udongo na kuandaa matuta. Wao wamejenga jipya kabisa. Sisi tunaweza kuanza na chuma kilichopo.

Bei ya umeme inaruhusu. Kwa mtumiaji wa kawaida wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, wa daraja la T1, yuniti ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo. Yuniti tatu na kitu zinazochukua nafasi ya lita ya dizeli zinagharimu kati ya shilingi 1,000 na 1,300 baada ya makato yote, na dizeli haijawa chini ya shilingi 2,000 kwa miaka kadhaa sasa. Serikali imetangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme, na bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Umeme huo hautalipa gharama zake kwa taa na kuchaji simu. Unahitaji mashine za kuufanyia kazi mchana, mashine zilizo mikononi mwa watu wa kawaida. Na ukikatika, betri iliyojaa haijui kuwa umekatika.

Kikwazo kikubwa ni betri yenyewe. Za risasi ni nafuu mwanzoni na kila fundi anazijua, lakini ukizitumia zaidi ya nusu ya uwezo wake kila siku zinakufa mapema. Za lithiamu za fosfeti ya chuma zinavumilia kuchajiwa maelfu ya mara, ila bei yake ndiyo sehemu kubwa ya gharama yote. Mimi ningeshauri lithiamu kwa anayeweza kukopa, kwa sababu nyingine pia. Tunajua risasi inafanya nini kwa watoto. Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, uliishi miaka kadhaa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Wakazi waliougua, wakiongozwa na mwanaharakati Phyllis Omido, walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 wakaamuliwa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, ambayo walilazimika kuipigania hadi Mahakama ya Juu. Kila anayeuza betri za risasi kwa matrekta haya awajibishwe kuzirudisha zikichoka. Tusijenge Owino Uhuru nyingine kwa jina la mazingira.

Kuna jambo linalonigusa zaidi ya gharama. Mashine mpya za bustani za umeme zinazouzwa duniani leo ni kimya na safi, na nyingi zina betri iliyozibwa ya umbo la kampuni moja na programu inayokataa betri ya mwingine. Siku kampuni ikiacha kutengeneza betri hiyo, mashine nzima inakuwa taka ikiwa bado nzima. Trekta kuukuu lililobadilishwa na fundi wa mtaani halina kufuli hiyo. Mota ikiungua, unafunga mota nyingine. Betri ya aina mpya ikitoka, unaipimia nafasi na kuchomelea mabano. Elec-Trak imefika leo kwa sababu hiyo tu. Nchi inayonunua karibu mashine zake zote kutoka nje inapaswa kulipigania jambo hili kwa nguvu zote, maana ndilo linaloamua kama tutakuwa na vyombo au tutakuwa na wateja wa vyombo.

Ujuzi wa karibu upo. Kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2017 kwa jina Opibus, ambayo sasa ni Roam, ilianza kwa kubadilisha magari ya dizeli ya nje ya barabara kuwa ya umeme, na Arusha pia magari ya watalii yamebadilishwa na kuingizwa mbugani. Mafundi walioweza kufanya hivyo kwa Land Cruiser ya tani mbili hawashindwi na pawatila.

Kinachokosekana ni mtu wa kuanza hadharani. Halmashauri ziorodheshe pawatila zilizoegeshwa badala ya kuzipiga mnada kama chuma. Vyuo vya ufundi vya VETA vipewe moja moja, na wanafunzi wa ufundi wa magari, umeme na uchomeleaji waifanye pamoja kama kazi yao ya mwaka. CAMARTEC ya Arusha, ambayo kazi yake ni kubuni na kupima zana za kilimo, izipime zikitoka: imevuta kilo ngapi, kwa kilomita ngapi, betri ilipata joto kiasi gani, fyuzi ilikatika wapi. Taarifa ya makosa iandikwe sawasawa na ya mafanikio. Na ya kwanza kabisa isipelekwe kwenye maonyesho ya kilimo ya Nane Nane ikiwa na rangi mpya. Ipelekwe kijiji chenye njia ya vumbi na tela la magunia, ikae msimu mzima mikononi mwa kikundi cha wakulima, na yuniti ilizokula ziandikwe ukutani kwenye ofisi ya kijiji pembeni ya bei ya dizeli ya mwezi huo.